Kotapini haikutoka kwa pigo moja. Nilidanganya.

Wasee wangu, leo sina video. Leo mtasoma tu.

Kama umekuwa ukinifuata tangu mwaka jana, unaijua ile video ya baiskeli ya babu. Niko nyuma ya nyumba yetu hapa Migosi, nimefunga leso kichwani, nyundo mkononi. Napulizia kotapini mafuta ya mkebe. Nahesabu moja, mbili, tatu. Napiga mara moja, kotapini inaruka na kuangukia kwenye beseni: ting! Sekunde 38 tu. Chini nikaandika, "Fundi ni wewe mwenyewe." Hakuna video yangu nyingine iliyotazamwa kama hiyo. Hadi makanga wa pale Kondele walianza kuniita Fundi.

Nimeifuta. Wengi mmeniuliza kwa inboksi kama nimehakiwa. Sijahakiwa. Nilichoma, na ninataka niseme venye nilichoma.

Kotapini ile ilikuwa imeshatolewa. Aliitoa fundi mzee wa Kibuye siku moja kabla ya mimi kurekodi. Mimi niliirudisha kwenye shimo kwa kidole, nikaipaka vumbi kidogo ionekane imekwama, nikaita Mama anishikie simu. Mama mwenyewe aliuliza, "Si hiyo fundi alishatoa jana?" Sauti yake iko kwenye video ya kwanza kabisa. Niliikata.

Kwa wale ambao hawajawahi kulala chini ya baiskeli, acha nieleze kotapini ni nini. Baiskeli za zamani, zile Black Mamba na ndugu zake, mkono wa pedeli hauna boliti ya kuubana kwenye ekseli. Unashikwa na kipini cha chuma kinachopita katikati yake. Kipini chenyewe ni kinene upande mmoja na chembamba upande wa pili, na ubavuni kimesuguliwa kikawa bapa ili kilale vizuri juu ya ekseli. Kwenye ncha nyembamba kuna nyuzi za nati. Ukikigonga kinaingia kama kabari na kujikaza. Hiyo ndiyo raha yake. Balaa lake ni kwamba kikikaa miaka 20 kwenye mvua ya Kisumu, kutu inakiunganisha na mkono wa pedeli hadi unadhani ni chuma kimoja.

Baiskeli yetu ilikuwa ya babu. Aliiendesha kwenda kazini akiwa reli, ikarudi naye kijijini alipostaafu, na alipoaga ikaletwa hapa Migosi ikaegemezwa ukutani nyuma ya choo. Ni BSA. Mbele, chini ya sturungi, ina nembo ndogo ya bunduki tatu zilizosimamishwa zikiegemeana. Nikiwa mtoto nilidhani babu alipigana vita. Kumbe BSA ni Birmingham Small Arms, kampuni iliyoanzishwa 1861 na mafundi wa bunduki wa Birmingham huko Uingereza. Bunduki ndiyo ilikuwa kazi yao ya kwanza, baiskeli zikaja baadaye. Mwaka 1957 biashara yao ya baiskeli ikanunuliwa na Raleigh. Kwa hivyo bunduki tuliyo nayo sisi nyumbani ni hizo tatu tu za kwenye nembo, na hazijawahi kumtisha mtu.

Nilitaka kuifufua kwa sababu ya pesa. Nauli ya boda kwenda tauni na kurudi kila siku ilikuwa inanimaliza. Tairi nilipata, breki nikapata, mnyororo nikaosha na mafuta ya taa. Lakini kila nikikanyaga pedeli ya kulia inagonga: ko, ko, ko. Kotapini ilikuwa imelika. Ya kununua mpya ilikuwa shilingi 60. Kutoa ile ya zamani ndiyo ilikuwa shida.

Siku ya kwanza nilipiga na nyundo ndogo ya Mama ya kupasulia makaa. Hakuna kitu. Siku ya pili nikaazima nyundo kubwa kwa jirani, nikapiga hadi mtoto wao akaamka. Hakuna kitu. Siku ya tatu nikaingia kwenye simu, nikaandika kwa Kiingereza kitu kama "pini imekataa kutoka".

Nikaletewa wazungu na bunduki. Sitanii. Wamarekani, kila mmoja kwenye gereji yake, wanahangaika na rifle. Kumbe rifle zao zingine, kile kipande cha kulengea kilicho mbele karibu na mdomo kimeshikwa kwenye mtutu na vipini viwili vidogo vya chuma. Vipini hivyo navyo ni kabari, vinene upande mmoja, vyembamba upande mwingine. Ukipiga upande usiofaa unavikaza zaidi. Mmoja alikuwa ameanza kuvipiga Jumamosi na hadi Jumapili jioni vilikuwa bado. Alikuwa amevunja panchi mbili na kugombana na mke wake.

Hapa kwetu hiyo si kazi ya nyuma ya nyumba, na nisije nikasikia mtu ameniiga. Kenya bunduki ya raia ni ya cheti kutoka kwa Bodi ya Leseni za Silaha, na kuitengeneza ni kazi ya fundi aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Mimi sikuwa natafuta bunduki. Nilitazama kwa sababu shida ya yule mzungu na yangu ilikuwa moja: kipini cha kabari, kutu, na mtu ambaye ameshaanza kuongea peke yake.

Video yake ilikuwa na karibu saa moja. Niliiruka. Niliruka pale alipoeleza upande wa kupiga. Niliruka pale alipotafuta kipande cha chuma chenye shimo cha kuweka chini, ili mtutu ukae imara na kipini kipate pa kutokea. Nikaenda moja kwa moja dakika ya mwisho, nikaona anapiga pigo moja, kipini kinatoka, anacheka. Nikasema sawa, ni pigo moja. Nikaenda kupiga pigo moja. Nikapiga 60.

Siku ya nne nikaisukuma baiskeli hadi Kibuye.

Kama hujawahi kuingia Kibuye upande wa mafundi siku ya wiki, nenda. Jumapili watu huja kwa mitumba na samaki, lakini siku za kazi ndio unasikia soko lenyewe: mabati, nyundo, msumeno, redio tatu za stesheni tofauti. Yule mzee amekaa kwenye kiti cha baiskeli alichokichomelea kwenye rimu. Aliiangalia kotapini yangu, akaangalia ncha ilivyopondeka kwa nyundo, akaniangalia mimi.

"Nyara, huyu alikukosea nini?"

Nikamwambia imekataa. Akasema, "Haijakataa. Umeipiga ikiwa hewani."

Hakunieleza zaidi siku hiyo, na mimi sikuuliza. Nilikuwa kwenye simu najibu komenti. Aliweka bomba chini ya mkono wa pedeli, nikasikia mapigo mawili, nikageuka ikiwa tayari iko kwenye kiganja chake. Shilingi 100. Nikasukuma baiskeli nyumbani nikifikiria kitu kimoja tu: hii ingekuwa video poa sana kama ningekuwa nimerekodi.

Na wiki hiyo hiyo jamaa mmoja anayeuza mafuta ya kulainisha kutu alikuwa amenitumia 3,000 nionyeshe mkebe wake. Sikuwaambia hilo pia. Kwa hivyo video mliyoona ilikuwa tangazo lisilosema ni tangazo, la mafuta ambayo hayakulainisha chochote, kwenye kotapini ambayo haikuwa imekwama, lililofanywa na fundi ambaye si fundi.

Mbona nilifanya hivyo? Nimejiuliza sana. Pesa, ndiyo. Lakini kulikuwa na kitu kingine. Mimi ni msichana na nilikuwa nimeshika nyundo. Video zangu za kwanza za kutengeneza vitu zilijaa komenti za "wapi kaka yako akusaidie" na "rudi jikoni". Sikutaka kuwapa watu hao video ya mimi nikipiga mara 60 na kushindwa. Na tena mnajua niliacha chuo mwaka wa pili, na nilikuwa nasomea uhandisi. Komenti iliyopata mioyo mingi kwenye video ile ilisema, "Ndiyo maana aliacha chuo, hawakuwa na cha kumfundisha." Niliipiga picha, nikaiweka kwa stetasi. Nikailalia kama mto.

Halafu mwezi wa pili nikapata ujumbe wa sauti saa kumi na moja asubuhi.

Alikuwa kijana wa Manyatta. Sitamtaja jina. Alikuwa anasambaza mkate kwa maduka kwa baiskeli, kreti mbili kwenye keria, anaanza kabla jua halijatoka. Sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. Alisema, "Sista, pole kwa kukusumbua mapema. Nimefanya venye ulifanya na yangu imekataa. Sijui nakosea wapi. Yako ilitoka aje?"

Nilimjibu kwa kidole gumba na "jaribu kuongeza mafuta bro". Nikarudi kulala.

Jioni akatuma picha. Alikuwa ameitoa nati yote, akalaza baiskeli kwenye changarawe, akapiga kotapini kwa msumari mnene badala ya panchi. Kotapini ilikuwa imejikunja kwenye shimo kama mdudu. Ekseli ilikuwa imelegea, beringi upande huo zimemwagika. Na picha ya pili ilikuwa ya uso wake. Kichwa cha msumari kilikuwa kimepasuka na kipande kikamkata juu ya shavu, chini kidogo ya jicho. Hapa, mahali unapopangusia machozi.

Chini ya picha hakuandika matusi. Aliandika, "Kesho sina baiskeli. Kuna fundi unamjua wa bei nafuu?"

Si mnajua kuna ile aibu inakupata hadi tumbo linakuwa baridi. Nilikaa na simu nikijaribu kuandika, nafuta. Asubuhi nikatembea hadi Manyatta.

Anaishi na shangazi yake. Shangazi alinikaribisha vizuri sana, akanipa chai, akidhani mimi ni mtu wa kampuni nimekuja kuangalia mambo ya baiskeli. Kwa sababu hiyo chai nilishindwa kuongea kwa nusu saa. Tulipotoka nje na yule kijana nikamwambia yote. Kwamba kotapini yangu ilikuwa imetolewa na mtu mwingine. Kwamba nililipwa. Kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nimepiga siku tatu nikashindwa.

Nilingoja anitukane, ningekubali. Alinyamaza, akashika ile plasta kwenye shavu, akasema:

"Kwa hivyo si mimi mjinga?"

Hilo swali limekaa na mimi hadi leo. Kitu cha kwanza kilichomjia hakikuwa shavu wala baiskeli wala pesa. Alikuwa amekaa usiku mzima akiamini kuna kitu rahisi ambacho kila mtu anakiweza, hata msichana wa Migosi na leso kichwani, ila yeye tu. Alipiga zaidi kwa sababu hiyo. Kama ningeonyesha nikishindwa, angeshindwa kidogo, angeacha, angeenda kwa fundi, angelala. Angepoteza asubuhi moja na shilingi 100.

Tukabeba baiskeli hadi Kibuye, mimi nimeshika mbele, yeye nyuma. Mzee akatutambua. Yaani alinitambua mimi, na alikuwa ameonyeshwa video na mjukuu wake. Hakusema neno kuhusu hilo. Aliniangalia tu, akasema, "Keti hapa, nyara. Leo simu iweke mfukoni."

Na nilichokosa kuona mara ya kwanza nikakiona. Nitakiandika hapa, kwa sababu nina deni la kuandika.

Jaduong' alisema kotapini haitolewi kwa nguvu, inatolewa kwa egemeo. Ukipiga baiskeli ikiwa imelala tu au imesimama kwa tairi, pigo lako linapotea. Baiskeli inaruka, tairi linameza, na kinachobaki kinaenda kuumiza beringi. Kwa hivyo unatafuta kipande cha bomba chenye mdomo mpana kuliko kichwa cha kotapini. Unakisimamisha kwenye simiti au jiwe, si kwenye udongo, na unalaza mkono wa pedeli juu yake ili kichwa kinene cha kotapini kiangalie ndani ya bomba. Sasa mkono wa pedeli umeshikwa na dunia nzima, na kitu pekee chenye nafasi ya kusogea ni kotapini.

Unapiga upande wa nyuzi, ule mwembamba. Nati usiitoe. Ilegeze hadi uso wake ulingane na ncha ya kotapini, ibaki hapo ilinde nyuzi zisipondeke. Mafuta unaweka usiku na kuacha hadi asubuhi. Yale ya kupulizia na kupiga papo hapo, alisema, ni kuosha tu. Nyundo iwe nzito na pigo liwe moja zuri, upumzike, uangalie. Vipigo vidogo vidogo vingi vinapanua ncha ya kotapini kama uyoga, na ikishapanuka haiwezi tena kupita shimoni. Hicho ndicho nilichofanya mimi siku tatu mfululizo. Na funga macho kwa miwani ya kinga. Msumari si panchi. Kichwa chake hakikutengenezwa kwa kupigwa hivyo.

Ikijikunja kama ile ya kijana, hakuna nyundo tena. Alikata ncha kwa msumeno, akatoboa katikati kwa drili pole pole, akitia oili kila mara, hadi ikabaki ganda, ndipo akaisukuma. Ilichukua karibu saa mbili. Saa mbili za mtu aliyeanza kazi hiyo kabla mama yangu hajazaliwa! Katikati alisimama, akanyosha mgongo, akasema "mos mos" kana kwamba anaiambia kotapini.

Hata kununua mpya kuna akili. Unaenda dukani na ya zamani mkononi, kwa sababu kuna za milimita 9 na kuna za 9.5, na kwa macho hutazitofautisha. Ile bapa unaisugua kwa tupa hadi ilale sawa juu ya ekseli. Unaigonga iingie kwanza ndipo unafunga nati, si nati iivute. Unaendesha kidogo, unarudi, unagonga tena, unakaza tena. Na ya kulia na ya kushoto zinawekwa zikielekea pande za kinyume, la sivyo pedeli moja haitakaa sawa na mwenzake na baiskeli itachechemea kama mtu aliyevaa viatu viwili tofauti.

Sasa rudi kwa sekunde zangu 38. Uniambie ni gani kati ya haya yote ulijifunza kwangu.

Nililipa kila kitu siku hiyo. Ekseli, beringi, kotapini, kazi ya mzee. Pesa ya yule wa mafuta iliisha hapo na yangu kidogo ikaongezeka. Watu wakisikia hivyo huniambia basi mmemalizana. Hatujamalizana. Baiskeli ilikaa siku tano bila kutembea, na mkate haungoji. Kazi yake ilipewa mtu wa pikipiki. Mwenye kazi alimwambia, kwa uungwana tu, kwamba pikipiki inamaliza maduka yote saa moja mapema. Hakumrudishia. Saa hii anaosha magari na anafanya vibarua vya kubeba maji. Baiskeli iko sawa kabisa. Mkate ndio haupo.

Na labda angeipoteza tu, siku moja. Sisi wa Kisumu tunajua. Mama hunisimulia wakati boda boda hapa ilikuwa ni baiskeli tupu, kiti cha sponji kwenye keria, unabebwa kutoka Kondele hadi tauni na mtu anayetoa jasho. Pikipiki zilikuja zikawafagia. Lakini mimi siwezi kujificha nyuma ya pikipiki. Zingemfikia kwa wakati wake. Mimi nilimfikisha mapema.

Kuna kitu kingine nataka kusema halafu niwaachilie.

Mnajua niliacha chuo kwa sababu ya karo. Hiyo ni kweli na niliisema. Ambayo sijasema ni kwamba kabla ya karo, nilikuwa nimeshaanza kutoenda darasani. Nilifeli hesabu za mwaka wa kwanza. Nilipoangalia kulia na kushoto, kila mtu alikuwa anasema "hiyo paper ilikuwa rahisi". Kila mtu. Nikajiambia basi hii si sehemu yangu, kuna kitu wenzangu wamezaliwa nacho mimi sina. Karo ilipokosekana, kusema kweli, nilipumua. Mwaka jana nikakutana na mmoja wao pale Carwash, tukala mandazi, akaniambia kwamba na yeye alifeli ile hesabu. Na rafiki yake. Karibu nusu ya wale waliosema ni rahisi walirudia.

Kwa hivyo nilijua kabisa inavyouma kuamini ni wewe peke yako. Nilijua kisha nikaenda kumfanyia mtu mwingine hivyo hivyo, nikaweka na muziki.

Ndiyo maana siamini tena mambo ya "ni rahisi, fanya nyumbani". Siyo kwamba nyumbani hapafai. Napenda nyumbani. Fanya nyumbani! Vunja, rekebisha, chafuka. Lakini mtu akikuonyesha kitu kigumu kikitoka kwa pigo moja, muulize zile siku tatu ziko wapi. Muulize nani alikitoa kwanza. Muulize nani kalipa. Na ukijaribu ukashindwa, kabla hujajiita mjinga, angalia kama kuna bomba chini.

Na sisi wa kamera, hebu tuache. Najua mtasema watu hawatazami video ndefu, watu wanataka ting. Ni kweli, nilipoanza kuweka video zenye makosa watazamaji walipungua nusu, na sijui kama watarudi. Lakini yule mzungu wa bunduki, pamoja na mambo yake yote, aliacha panchi zake zilizovunjika ndani ya video. Aliacha hadi ugomvi wa mke. Mimi ndiye niliyeruka. Kwangu hakukuwa hata na cha kuruka.

Kuanzia sasa nikilipwa nitasema nimelipwa. Nikisaidiwa nitasema nani kanisaidia, kama amekubali. Nikishindwa nitaacha hapo hapo mbele yenu. Na kama ni kitu cha kumtoa mtu jicho, au cha kupelekwa kwa aliyesajiliwa, nitasema peleka kwa fundi, na hiyo ndiyo itakuwa video nzima.

Yule kijana nilimuuliza kabla ya kuandika haya. Alisoma yote kwenye simu yangu, akasema nitoe jina la mtaa wake mdogo, nibakishe Manyatta. Halafu akasema, "Andika pia kwamba beringi nilifunga mimi." Ni kweli. Beringi alifunga yeye, mzee akimwangalia. Zimekaa poa.

Na baiskeli ya babu, tangu wiki jana inagonga tena. Ko, ko, ko. Safari hii ni upande wa kushoto, kotapini ambayo mzee hakuigusa. Nimepata kipande cha bomba, nimelegeza nati hadi usawa wa ncha, nimetia oili. Leo ni asubuhi ya tatu. Nimepiga mara mbili. Imekataa.

Ikitoka nitawaambia. Ikikataa nitaisukuma Kibuye, na pia nitawaambia.